Alinipima kwa Macho

Sikwenda kwenye yoga kutafuta mwanaume. Naomba hilo lieleweke mapema, maana dada zangu wamekwisha kulisimulia wanavyotaka wao. Nilikwenda kwa sababu ya mgongo.

Miaka ishirini na mbili nimeinama juu ya cherehani. Mwaka jana mgongo ukaanza kunigomea asubuhi, mara nashindwa kuvaa viatu, mara naamka nimepinda upande mmoja na kukaa hivyo mpaka saa nne. Daktari alinibonyeza hapa na pale, akaangalia picha, akavua miwani.

"Dawa naweza kukuandikia mpaka wino uishe," alisema. "Unachohitaji ni kujinyoosha. Nenda kwenye yoga."

"Yoga ile ya kuweka mguu shingoni?"

"Nenda kwanza. Mambo ya shingo utayajua hukohuko."

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Chumba kirefu, madirisha mawili, sakafu ya mbao, mikeka ya mpira imekunjwa kwenye kona. Mwalimu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwembamba aliyenyooka, mwenye sauti ya mtu aliyetumia ujana wake wote kuwaambia wenzake wasukume. Wanafunzi tulikuwa watano: Mama Mapacha, ambaye alisema wazi amekuja kupumzika mbali na watoto, makarani wawili wa benki waliokuja kucheka, mimi, na yeye.

Alikuwa kwenye mkeka wa tatu. Umri wake kama arobaini na tano, mabega mapana, kichwa kimeanza mvi pembeni. Nilipoingia alinitazama.

Sasa jamani, sisi wanawake tunajua kutazamwa. Kuna jicho la njaa, kuna jicho la dharau, kuna jicho la mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi. Hili halikuwa lolote kati ya hayo. Lilianza bega moja likaenda bega la pili, kisha likashuka kutoka utosini mpaka kisiginoni, mara moja tu, halafu akatikisa kichwa kidogo kama anayeandika namba. Mimi nafanya hivyohivyo kila mteja anapoingia mlangoni kwangu. Moyo ukaniambia, huyu ni fundi mwenzangu.

"Inameni," Mwalimu alisema. "Mikono iende sakafuni. Msilazimishe."

Yangu ilifika magotini ikakataa kwenda mbele.

"Panatosha," Mwalimu alisema juu ya kichwa changu. "Pumua."

"Napumua, Mwalimu."

"Hupumui. Umeshika pumzi kama mtu anayepita penye vumbi. Toa."

Nikatoa. Kiuno kikalia kama bawaba kavu. Makarani wa benki wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikageuza uso nikiwa nimeinama vile, nikakutana na uso wa yule wa mkeka wa tatu ukiwa juu chini kama wangu, umeiva kwa damu.

"Mimi nimeishia mapajani," alinong'ona. "Wewe ni bingwa."

Sikutaka kucheka. Nilicheka.

Tukafundishwa kusimama kama mlima, ambako ni kusimama tu, lakini Mwalimu alinisahihisha mara sita. Kumbe miaka yote nilikuwa nasimama vibaya, mwanamke mzima. Tukafundishwa kusimama kwa mguu mmoja kama mti. Mama Mapacha alisimama kama amepandwa pale. Mimi nilidondoka. Yeye alidondoka. Mwalimu akatuambia tugeukiane, tushikanishe viganja, kila mmoja awe ukuta wa mwenzake.

Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa sugu. Changu kina alama za sindano. Tulisimama hivyo, mguu mmoja mmoja, tukitetemeka, na hatukuanguka. Nilihesabu pumzi kumi kama tulivyoambiwa, na nakiri kwamba tangu ya saba nilikuwa nahesabu kitu kingine.

Mwisho Mwalimu akasema, "Sasa laleni chali. Mikono pembeni, macho mfumbe, msifanye lolote. Wenyewe wanauita mkao wa maiti."

Yeye akakunja mkeka wake. "Samahani, Mwalimu. Nina mteja."

Akatoka. Mimi nikalala chali na kujiambia nitafumba macho kidogo tu. Aliyeniamsha ni Mama Mapacha.

"Mwenzangu, unakoroma," alisema. "Endelea, lakini wanafunga chumba."

Nilipofika chini, yule mwenye mteja alikuwa amekaa kwenye ngazi anafunga kamba za viatu. Kamba mbili, dakika kumi na tano.

"Mteja ameondoka?" nilimuuliza.

"Ameahirisha."

"Unashona nini? Suti?"

Akashtuka. "Kushona?"

"Usinifiche, mimi mwenyewe fundi cherehani. Nimekuona ulivyonipima kule juu."

Akashusha macho kwenye viatu vyake. "Mimi fundi mbao," alisema. "Vitanda. Makabati. Vitu vya namna hiyo."

"Basi jicho lako zuri. Ungeweza kushona."

Kuanzia siku ile tukaitana Fundi. Fundi, leo umeamkaje? Fundi, goti linasemaje? Mimi nina miaka arobaini na moja. Niliwahi kuolewa, nikaachika, na miaka tisa nimeishi na mama yangu bila kumtamani mtu. Lakini ilipofika Jumamosi ya nne nilijikuta nashona suruali mpya ya yoga Ijumaa, nikaifumua pindo mara mbili kwa sababu halikunyooka, na nikajua mambo yameharibika.

Kila Jumamosi, Mwalimu akitaja ule mkao wa mwisho, Fundi alikuwa na mteja. Na kila Jumamosi nilimkuta kwenye ngazi. Nilimuuliza waziwazi kama ana mke. Akasema alikuwa naye zamani, akaondoka. Mtoto? Hapana. Basi kwa nini hulali na sisi dakika tano? Akasema mgongo wake haupendi kulala chali. Nikaamini, maana mtu mwenye mgongo humwamini mwenye mgongo.

Jumamosi ya sita akasema, "Fundi, nataka kuja kumwona mama yako. Jumapili ijayo, kama hutajali. Sitaki tuzungumzie kwenye ngazi kama wanafunzi."

Nilisema sawa. Nilisema haraka mno, lakini ndivyo nilivyosema.

Mama aliposikia aliweka miwani chini. "Anafanya kazi gani?"

"Seremala. Vitanda na makabati."

"Mtu wa maana," alisema mama. "Mwambie mlango wa kabati letu umeng'oka bawaba tangu mwaka juzi."

Hapo ndipo nilipojiletea balaa. Jumatano nikaona, kwa nini nisimpelekee vipimo vya huo mlango kabla ya Jumapili? Nikapima, nikaandika kwenye kikaratasi, nikashika njia ya karakana yake. Aliwahi kuniambia iko nyuma ya duka la rangi. Nikamuuliza muuza rangi, namtafuta seremala mrefu mwenye mvi pembeni.

"Wa majeneza?" aliuliza.

"Hapana, wa vitanda."

"Hapa seremala ni mmoja, dada. Zunguka nyuma." Akanitazama kwa huruma. "Pole sana."

Nilizunguka. Mlango ulikuwa wazi. Majeneza manane yamesimamishwa ukutani kwa kufuata urefu, na la tisa liko juu ya meza, na Fundi wangu ameinama ndani yake mpaka kiunoni, anabana kitambaa cheupe cha satini kwa misumari midogo. Hamkuwa na kitanda hata kimoja humo ndani. Hata stuli.

Nisiseme uongo, kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba kile kitambaa amekikata vibaya, kimejikunja pembeni. Halafu ndipo nikashika fremu ya mlango.

Akainuka akaniona.

"Fundi," alisema.

"Usiniite Fundi."

"Kaa kwanza."

"Nikae wapi?" Nikazungusha mkono. "Nionyeshe hapa mahali mtu aliye hai anaweza kukaa!"

Akafuta mikono kwenye suruali. Hakusogea karibu.

"Umemwambia mama yangu vitanda," nilisema.

"Nilikwambia wewe."

"Na mimi nikamwambia yeye! Umenifanya nimdanganye mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka sabini na nne, anakusubiri na mlango wa kabati!"

"Nilitaka kukwambia. Kila Jumamosi nilikaa kwenye zile ngazi nikijipanga. Ukishuka unacheka, nashindwa." Akaangalia mikono yake. "Mke wangu aliondoka kwa ajili ya kazi hii. Alisema watu wanamwamkia wakiwa mbali. Baada yake nilimwambia ukweli mwanamke mwingine, akaenda kunawa mikono palepale mbele yangu. Wewe ulinishika viganja viwili. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli. Mimi ningeamua mwenyewe kama nitanawa."

Akaitikia kwa kichwa. Nje mtu alikuwa anapakia makopo ya rangi kwenye mkokoteni. Mimi nikawa nimekumbuka siku ya kwanza, na uso ukapata moto.

"Siku ile nilipoingia darasani," nilisema. "Ulinipima."

Akaokota msumari sakafuni.

"Ulinipima au hukunipima?"

"Nilikupima."

"Ngapi?"

"Achana nalo, tafadhali."

"Ngapi!"

"Futi tano na inchi nne. Bega kwa bega, kumi na sita na nusu."

Ndivyo nilivyo. Hata nusu inchi hakukosea. Nikaona aibu ya kunifanya nicheke, mimi niliyerudi nyumbani siku ile nikijitazama kwenye kioo, nikidhani kuna mwanaume ameniona.

"Nilidhani ulinitazama," nilisema.

"Mara ya kwanza nilikupima," alisema. "Jicho limezoea, linafanya lenyewe, nawapima hata wanaopita barabarani. Lakini ulipoinama ukageuza uso na kucheka, hapo nilikutazama. Tangu siku hiyo sijawahi kukupima tena. Nakupenda, Fundi. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana nikasema uongo."

"Na ule mkao wa mwisho?"

"Nikilala vile na macho nimefumba, najiona kutoka juu, nimelala kwenye kazi yangu. Siwezi."

Niliweka kikaratasi cha kabati juu ya meza, maana sikujua nikipeleke wapi. "Jumapili hujafukuzwa," nilimwambia. "Lakini utamwambia mama wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Akikukataa, amekukataa. Na mimi sijakusamehe."

"Nimesikia."

"Na hicho kitambaa kikate mshazari, ndiyo maana kinajikunja."

Nikaondoka. Njia nzima nililia kama mtoto, na nilikasirika kwamba nalia.

Jumamosi nilitaka nisiende. Mgongo ukaniambia nenda. Nikachukua mkeka wa mbali kabisa, karibu na dirisha. Alikuja, akasalimia wote, akaenda kwenye mkeka wake wa tatu. Mama Mapacha alitutazama huku, akatutazama kule, akasema "Mh!" na kuinama.

Mikono yangu ilifika vifundoni siku ile. Wiki saba. Nilipoinuka nilijikuta namtafuta ili aone, kisha nikakumbuka nimenuna.

"Mti," Mwalimu alisema. "Wawili wawili kama kawaida."

"Leo nitasimama peke yangu, Mwalimu."

"Simama."

Nikasimama. Nikadondoka. Nikasimama tena, nikapata pumzi nne, nikadondoka. Yeye huko naye anadondoka peke yake, mtu mzima, dum, dum, mpaka makarani wa benki wakaacha kucheka kwa huruma.

Mwalimu alituacha tudondoke. Ulipofika mkao wa mwisho tukalala. Nilisikia mkeka wake unakunjwa, kama siku zote. Nikasikia hatua mpaka mlangoni. Halafu hatua zikarudi. Mkeka ukafunguliwa, si pale pa tatu, hapa karibu yangu, na mtu mzito akalala chini kwa kuguna.

Sikufumbua macho. Pumzi zake zilikuwa za mtu aliyekimbia. Nikasikia anavyopambana nazo, anatoa, anashindwa, anatoa tena. Nilijua ananing'inia kwa uzi mwembamba, na nilijua anafanya hivyo ili nione. Nikasogeza mkono mpaka ukagusa wake. Sikuushika. Niliuacha ukiwa umegusa.

"Dakika nne," aliniambia baadaye kwenye ngazi. Jasho lilikuwa linamtoka kama ametoka kubeba mbao.

"Zilikuwa tano," nilisema. "Usije ukachelewa kesho."

Hakuchelewa. Alikuja na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri na mfuko wa vifaa, akamsalimu mama shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Bawaba ilimchukua robo saa. Mama alimwangalia kwa furaha ambayo mimi sikuweza kuitazama. Nikaenda kuleta chai, nikarudi, nikakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kazi safi," mama alisema. "Vitanda vyako ni vya mbao gani?"

Akaweka bisibisi chini. "Mama, sitengenezi vitanda. Natengeneza majeneza. Mwanao alikwambia vitanda kwa sababu mimi nilimdanganya. Kosa ni langu, si lake."

Mama alikuwa amenyanyua kikombe. Kikabaki hewani.

"Majeneza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ya watu."

"Ya watu, mama."

Kikombe kikarudi kwenye kisosi. Mama akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumatano."

"Wakisikia ndugu zako watasema umeolewa na msiba."

"Watasema," nilijibu. Nilishangaa kujisikia nimesema hivyo tu, bila kuongeza kitu.

Mama akamrudia yeye. "Ulipoingia mlango huu, ulinipima?"

Nilitamani aseme hapana. Uongo mdogo, nani angejua? 

"Nilikupima, mama. Unisamehe. Jicho linafanya lenyewe."

Mama akavuta pumzi. Nikajua sasa ndiyo basi, atamwonyesha njia na mimi nitarudi kwenye cherehani yangu na mgongo wangu. Nilimpenda yule mtu. Nilijua hivyo pale, kwa uhakika wote, dakika ambayo nilikuwa nampoteza.

"Mimi ni mtu mzima," mama alisema polepole. "Huyu ndiye wa mwisho wangu. Wenzake wana nyumba zao. Nikifa..."

"Mama, jamani, usiseme hivyo," nilidakia. "Utaishi mpaka utuchoke."

Lilitoka lenyewe. Ndivyo tunavyofanya sote pale nyumbani. Mama akianza maneno hayo, dada ataita "Mama!", kaka atacheka, mimi nitauliza kama ametia sukari.

Fundi hakucheka. Alisogeza kikombe chake pembeni.

"Ukifa, mama," alimuuliza, "ungependa iwe vipi?"

Nilitaka sakafu inimeze. Mama alimtazama, alimtazama sana. Kisha akavuta kiti chake, akakisogeza mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Watoto sita nimezaa," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza."

Akaanza kusema. Alisema saa nzima. Hataki mbao za gharama, ataoza nazo za nini. Anataka alazwe kando ya dada yake, sio kando ya baba yetu, maana baba yetu alishamalizana naye. Mjomba asipewe nafasi ya kuongea, akishika maneno haachii. Fundi alisikiliza, na kila baada ya muda aliuliza jambo moja dogo, kwa sauti ileile ambayo mimi namuulizia mteja kama anataka mfuko mmoja au miwili. Mama alijibu kila swali akiwa amenyooka kwenye kiti, na sijui lini mara ya mwisho nilimwona amenyooka vile.

"Na nguo atashona huyu," alisema, akinionyesha kwa kidole. "Mikono mirefu. Mikono yangu imekonda, sitaki watu waione."

Hapo nililia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mama alinipa leso yake akaendelea kuzungumzia kola.

Alipomaliza alikunywa chai yote iliyokuwa imepoa, akapangusa mdomo, akashusha mabega.

"Haya," alisema. "Hayo yamekwisha, na mzigo nimeutua. Sasa tuzungumze ya mwaka huu. Mnataka harusi lini?"

Fundi alinitazama. Niliona macho yake yamelowa, na niliona anaogopa kuliko jana alivyokuwa amelala chali.

"Mimi bado sijasamehewa, mama," alisema. "Muulize yeye."

"Mwezi wa sita," nilisema.